Karani Aliyewapima Watangazaji

Karani wetu wa chai hakupenda mpira. Alipenda kusimuliwa mpira, na hilo ni jambo jingine kabisa. Nilimwona siku moja akipita kando ya uwanja wa shule ya msingi wakati wavulana wakicheza fainali yao, kijiji kizima kiko pale kinapiga kelele, naye hakugeuza hata shingo. Lakini umwashie redio, hata iwe mechi ya timu mbili asizozijua katika mji asioweza kuutamka, angesimama palepale njiani na jembe begani mpaka filimbi ya mwisho.

Nasema "wetu" kwa sababu alikuwa karani wa kituo chetu cha kununulia chai, karibu na Ikonge, pale wakulima tunapopeleka majani mabichi yapimwe na kungoja lori la kiwanda. Mezani pake palikuwa na mizani na redio ndogo nyeusi iliyofungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, kwa kuwa kifuniko cha betri kilishapotea. Jina alikuwa nalo, na wazee wenzake walilijua, lakini sisi wengine tulimwita Karani, na hata mkewe alimwita Karani. Alipostaafu aliendelea kuwa Karani. Aliyemrithi tulimwita "yule kijana."

Mimi nilimjua vizuri niliporudi nyumbani kutoka chuo, msichana mzima, cheti ninacho, kazi sina, nikawa nachuma chai na mama. Alasiri tulishuka kituoni na vikapu mgongoni, tukangoja. Lori halikuwa na saa. Likichelewa, na siku za mvua lilichelewa bila haya, watu hukaa juu ya magunia na kusengenya. Siku za mpira hatukusengenya. Tulimsikiliza Karani akiwasikiliza watangazaji, maana hakuweza kusikiliza kimya. Aliwajibu, aliwakemea, na akipendezwa alipiga meza kwa kiganja hadi mizani ikatikisika.

"Karani, wewe pima chai!" kina mama walilalamika. "Hii majani inakauka!"

"Ingoje kidogo. Kuna kona."

"Kona itatulipia karo?"

"Mama, hata wewe unataka kujua hiyo kona. Nyamaza tusikie."

Na kweli walitaka kujua. Hakuna mtangazaji aliyepita katika redio ile bila kupimwa, na hukumu za Karani zilifika sokoni kabla ya lori kufika kiwandani. Baadaye maisha yalinigeuza nami nikawa mtangazaji wa mpira. Aliwapima wote, wa Nairobi, wa Kisii, wa ng'ambo, wazuri kwa wabovu. Mimi hakunipima. Nilingoja neno lake kwa miaka, na nitasema wazi kwamba nililitamani kuliko mshahara.

Ukitaka kumwelewa, uelewe kwanza kazi yake. Chai inayotakiwa ni majani mawili na chipukizi. Watu, kwa kuwa ni watu, huweka mazuri juu na magumu chini. Kwa hiyo Karani hakutazama juu ya kikapu. Alizamisha mkono hadi kwenye kitako, akatoa konzi, akaifungua mbele yako. Ikiwa mbaya hakukufokea. Alimwaga kikapu chako chote juu ya nailoni ili uchague upya majirani wakikutazama, na hapo ndipo ungemwona mtu mzima ameinama kama anatafuta sindano.

Watangazaji nao aliwazamishia mkono. Goli halikumshtua. "Goli ni ya juu ya kikapu," alisema. "Hata mjinga anaweza kutangaza goli. Mimi nataka kusikia ile dakika hakuna kitu inafanyika." Alimpenda mzee mmoja wa redio ya taifa, mwenye sauti nzito na kikohozi, kwa sababu dakika kama hizo zilipokuja mzee yule hakukimbilia matangazo ya sabuni. Alikwambia kwamba kipa amepiga goti anafunga kamba za kiatu, kwamba jua limehamia upande wa jukwaa, kwamba refa anajifuta jasho na mkono wa shati. Karani angefumba macho. "Huyo anakushika mkono," alisema. "Huwezi kupotea."

Kulikuwa na kijana mwingine, mzaliwa wa Kenyenya, aliyetangaza kwa kupasua koo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Vijana walimpenda sana. Karani alimvumilia kipindi cha kwanza, kisha akaiambia redio, kwa upole kabisa, "Mwanangu, kama unalia hivyo mpira ikiwa katikati, ikifika kwa goli utafanya nini? Utakufa?" Akaizima. Watu waliguna, akaiwasha tena. Hakuwa dikteta, alikuwa mkaidi tu.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na televisheni.

Hoteli ya pale Ikonge ilipoleta televisheni kubwa ya ukutani, kila mtu alihamia huko siku za mechi, na Karani akaenda ili asionekane anajitenga. Alikaa nyuma na kikombe chake cha chai ya maziwa, akamsikiliza mtangazaji wa televisheni kwa uso wa mtu anayeonja mboga iliyosahauliwa chumvi. Mapumzikoni wakamuuliza anaonaje.

"Huyu mtu hana kazi," alisema. "Mpira inaenda kushoto, yeye anasema imeenda kushoto. Si nimeona? Ni kama nimekaa kwa meza na obokima, hii ugali yetu, iko mbele yangu, halafu mgeni anakuja kuniambia, hii ni obokima."

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa na nadharia nzima, nami nimeitumia kazini kuliko yote niliyofundishwa chuoni. Mtangazaji wa redio, alisema, amebeba kipofu mgongoni, na akinyamaza hatua tatu tu wote wawili wako mtaroni. Mtangazaji wa televisheni anatembea na mtu mwenye macho yake mawili. Kazi yake ni kusema yale ambayo macho hayaoni: kwamba huyu winga ametoka kwenye jeraha, kwamba kocha ameshamkasirikia beki wake. Kisha afunge mdomo. Wa redio apimwe kwa maneno yake, wa televisheni kwa kimya chake. Na kosa la watu wetu, alisema, ni kuchukua mtu wa redio, kumvika tai na kumweka kwenye televisheni, naye anaendelea kumbeba mtu asiyehitaji kubebwa.

Basi akatafuta dawa yake mwenyewe. Mechi iliyofuata alikuja hotelini na redio yake chini ya koti, akaomba sauti ya televisheni ipunguzwe, watu watazame picha na wasikie redio. Wakakubali, maana walimheshimu. Lakini hakuna aliyejua kwamba picha za televisheni hizi za siku hizi huchelewa kufika, na redio hutangulia. Kumbe! Mshambuliaji yuko bado katikati ya uwanja kwenye ukuta, redio imeshalia goli. Watu walitazama ukutani, wakatazama redio, wakamtazama Karani. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amejiandaa kushangilia kwa raha zake akasimama.

"Mzee, hiyo redio yako inatuharibia! Tunajua mambo kabla haijatokea!"

"Si ndio vizuri?"

"Si vizuri! Tutoe jasho ya nini sasa?"

Akaombwa atoke na redio yake. Alitoka na heshima zake zote, kikombe mkononi, akakaa nje chini ya paa la duka la mbolea, na kila goli lilipoingia alichungulia mlangoni kuwatazama watu ambao walikuwa hawajajua. Aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo siku aliyofurahia televisheni kuliko zote.

Hakuwa mtu wa kunyooka pande zote. Kwenye mizani alikuwa mkali, hata gunia la mkewe lilipimwa sawa na la mwingine. Lakini uongo wa redioni aliupenda. Nilimpeleka uwanjani mjini Kisii, Jumapili moja, mara yake ya kwanza na ya mwisho kuingia uwanja wa mpira. Alikuja na redio yake. Alikaa jukwaani akiitazama mechi huku mechi ileile inamjia sikioni. Mara winga akapiga shuti, na mpira ukaviringika taratibu hadi mikononi mwa kipa. Redio ikasema ni kombora la kutisha, na kipa ameruka kama chui.

Karani alinigeukia, macho yamemtoka. "Amedanganya!"

"Ndiyo, Tata," nikasema, kama tunavyowaita baba zetu. "Watangazaji hutia chumvi."

"Amedanganya vizuri," akasema, na akacheka mpaka akashika ubavu. Njiani kurudi alikuwa mnyonge kidogo. Alisema uwanja ni mdogo kuliko alivyokuwa ameambiwa, na wachezaji ni watoto watupu. Hakurudi tena. Alisema uongo wa redio ni chumvi kwenye chakula, lakini wa televisheni ni uongo mtupu, kwa sababu mtu anakudanganya huku unaona.

Na sasa nifike kwenye Sabato, maana bila hiyo huyu mtu hajaelezwa. Karani alikuwa Msabato, tena mzee wa kanisa, ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango. Ijumaa jua likizama, redio ilifunikwa kitambaa ikawekwa kabatini, na hapo ilikaa hata kama kesho yake dunia nzima inacheza fainali. Kituoni Jumamosi alishika zamu mtu mwingine. Mpira wetu wa ligi, kama mjuavyo, huchezwa sana Jumamosi, kwa hiyo Karani aliishi nusu ya mapenzi yake kwa kusimuliwa na wengine, na wengine hao hawakujua kusimulia.

Jumamosi jioni alisimama uani akingoja jua lizame, apate walau kipindi cha pili cha mechi za ng'ambo. Milima yetu siku za mawingu haionyeshi jua, kwa hiyo alifuata kuku. Wakiingia bandani, Sabato imekwisha. Mkewe alituapia kwamba siku moja, kukiwa na mechi kubwa, alimkuta nyuma ya nyumba akiwaswaga kuku kwa kofia. Karani alikana. Alisema alikuwa akifukuza mwewe.

Ndipo kituo kimoja cha redio mjini kikatafuta mtu wa kutangaza mechi za nyumbani. Nilienda kujaribiwa bila kumwambia yeyote, nikatangaza kama alivyonifundisha bila kujua kwamba ananifundisha: kamba za kiatu cha kipa, jua, jasho la refa. Wakanichukua. Jumapili ilikuwa ya mwanamume mmoja mwenye jina kubwa. Mimi nikapewa Jumamosi.

Nilishuka kituoni kumwambia. Alikuwa amezamisha mkono kwenye kikapu cha mama.

"Siku gani?" akauliza.

"Jumamosi, Tata. Saa tisa mpaka saa kumi na moja."

Mkono ukabaki kikapuni kidogo. "Jumamosi," akasema. Kisha akatoa majani, akayatazama, akamwambia mama chai yake ni safi.

Nikapanga chumba Kiogoro, karibu na mji, nikaanza kazi. Kijijini mama alipokea sifa za kila namna. Mimi ni Mkatoliki, na majirani zetu Wakatoliki walifungulia redio mpaka migomba ikatikisika. Kila niliporudi nyumbani Jumapili nilipita kwa Karani kumsalimu. Tulizungumza kuhusu wote. Alimpima yule wa jina kubwa wa Jumapili ("anajisikia yeye, hasikii mpira"), akawapima wa ng'ambo, akampima hata padri wetu kwa mahubiri ya redioni. Nami nikiinuka kuondoka nilijikaza nikauliza.

"Tata, jana ulinisikia?"

"Jana ilikuwa Sabato."

Basi. Hakuongeza. Niliuliza mara ya pili, ya tatu, kisha nikaona haya. Nilijua ni imani yake na niliiheshimu. Lakini moyo hauna adabu. Kila Jumamosi nilipoweka mdomo kwenye maikrofoni nilimtangazia yeye, mtu pekee katika Gusii yote niliyekuwa na hakika kwamba hasikii. Nilisema kipa amefunga kamba, nikajiuliza kama nimesema vizuri, na hakukuwa na wa kuniambia. Sifa za wengine zilikuwa za juu ya kikapu.

Miaka ikapita, televisheni moja ya Nairobi ikanichukua. Nilienda kumuaga. Wakati huo alikuwa amestaafu, miguu imeanza kuvimba. Nilitumaini sasa atasema kitu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Sasa utajifunza kunyamaza," akasema.

Nililia barabarani hadi Ikonge. Haikuwa sifa wala lawama, na nilikuwa nimekuja kuomba mojawapo.

Mara ya mwisho nilimwona Jumapili, baada ya misa. Alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha mbao, mguu mmoja juu ya gogo, amekonda shingo. Mzee mwenzake wa kanisa alikuwa amekuja kumwombea, Biblia mapajani, mtu mpole mwenye miwani. Mke wa Karani akatuletea ndizi za kuchemsha na chai. Mzee wa kanisa akanitambua.

"Huyu si yule wa televisheni? Karani, msichana wenu ametuletea heshima!"

Karani akatikisa kichwa tu. Nikautazama mguu wake uliovimba juu ya gogo, na nikajua kwamba nisipouliza leo sitauliza tena. Sikujali kwamba tuko na mgeni.

"Tata, umewapima watangazaji wote. Mimi je? Najua hukunisikia. Lakini niambie hata hilo, kwamba hukunisikia hata siku moja, niache kungoja."

Alimtazama mzee wa kanisa. Akamtazama mkewe. Mkewe akasema kwa sauti ya chini, "Karani, kunywa chai."

"Ile mechi ya mvua," Karani akasema. "Ukiwa bado hapa Kisii. Dakika ya mwisho timu yetu wakapewa penalti."

Nilishika kiti. Mechi hiyo naikumbuka kama jina langu.

"Umeeleza vizuri. Mvua, matope, yule mtu anapangusa mpira na jezi. Mimi nimeona yote. Halafu akaanza kukimbia, na wewe ukasema goli. Mpira bado haijafika."

"Lakini iliingia, Tata."

"Iliingia. Lakini wewe hukuwa umeona. Ulitaka tu iingie." Akaweka kikombe chini. "Hiyo ilikuwa maombi, mwanangu. Haikuwa utangazaji."

Mzee wa kanisa alivua miwani. "Hiyo mechi ilikuwa siku gani?"

Mkewe akainama kuokota maganda ya ndizi, ingawa hayakuwa yameanguka.

"Jumamosi," Karani akasema.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Hapo." Akanyoosha kidole kwenye ua wa michongoma unaotenga boma lake na la jirani yake Mkatoliki. "Nilibeba kiti. Yule mama hufungulia redio kwa nguvu. Mimi sikuiwasha, lakini sitadanganya, nilienda kusikia. Hiyo siku na zingine zote. Ningemwambia huyu msichana vile anatangaza, ningekuwa nimejitangaza mwenyewe. Kwa hivyo nilinyamaza. Lakini ametoka mbali, na ameuliza."

Kisha mzee wa kanisa akasema tuombe, tukainama, akaomba kwa ufupi. Mimi sikufumba macho. Nilimtazama Karani, ambaye alikuwa amefumba yake kwa nguvu, na machozi yangu yalidondoka kwenye sahani ya ndizi nikayaacha.

Wiki chache baadaye mkewe alinipigia simu. Baraza la kanisa lilimwita, akaenda na fimbo yake, akakubali kila kitu, akarudisha ufunguo wa mlango alioushika maisha yake yote ya utu uzima. "Anasema ni haki," akaniambia. "Anasema hata hivyo zile mechi zako zingine zilikuwa nzuri, nikwambie hivyo." Nikamuuliza kama naweza kuzungumza naye. Alikuwa amelala. Hakufika msimu mwingine wa ligi.

Bado natangaza Jumamosi. Mkuu wa vipindi amenilalamikia, na watazamaji wananiandikia, kwamba mimi huchelewa kusema goli. Wenzangu wameshapasua koo, mimi bado kimya. Ni kweli, huchelewa. Nangoja mpira uingie.